Pumzi za Kuazima, Barabara ya Laela

Saa nne asubuhi trekta la kijiji lilizama topeni, maili tano baada ya Laela, likagoma. Ignasi, dereva, alikata matawi akayasukumia chini ya magurudumu mpaka viganja vikachubuka. Trekta likazidi kudidimia. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa Sumbawanga, Sumbawanga ilikuwa mbali, na mvua ya Ufipa haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kwenye tela alilala Theodory, aliyegongwa na nyoka asubuhi mapema akipalilia ulezi katika shamba la ujamaa. Njia nzima alihema kwa nguvu, mabega yakipanda na kushuka. Sasa kifua kilitulia, macho yakajifumba.

"Afadhali," alisema mkewe, Luciana. "Amepumzika."

Sekela, mganga wa zahanati ya kijiji, mtu wa Mbeya, alikuwa ameanza kusinzia. Neno hilo likamshtua. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, halikuinuka. Kucha zilikuwa zimeingia rangi ya bluu.

"Hajapumzika, mama. Sumu imelegeza misuli ya kifua. Mapafu ni mazima, ila hayana wa kuyavuta."

Luciana, binti wa mhunzi, alielewa upesi. "Mvukuto umekosa mkono."

"Ndiyo. Basi tutavukuta sisi."

Sekela aliinua kidevu cha Theodory, akambana pua, akampulizia kinywani. Kifua kikapanda. Akapuliza tena na tena, na aliposhikwa na kizunguzungu Luciana akampokea. Luciana naye akaishiwa.

"Kaka Ignasi, zamu yako," Sekela alisema.

"Mimi? Mdomo kwa mdomo na mwanaume mwenzangu?"

"Atakufa, Ignasi!"

Ignasi alifuta tope midomoni, akainama.

Saa zikapita. Midomo ilivimba, migongo ikauma, wala hakuna aliyebaki na nguvu ya kusali kwa sauti. Mara mbili Sekela alitaka kuacha. Aliichukia mvua, akaichukia kazi yenyewe, akapuliza. Saa kumi lori la mbolea lilitokea likawabeba, nao wakaendelea kupokezana juu ya magunia hadi hospitali, ambako daktari aliwapokea kwa mfuko wa kupumulia.

Siku ya tatu Theodory alivuta pumzi zake mwenyewe. Macho yakafunguka nusu.

"Unanijua?" Luciana alimwinamia.

"Nilikuwa nawasikia wote," alinong'ona. "Siku nzima. Mwambieni Ignasi aache tumbaku."

Luciana alicheka mpaka akalia. Sekela hakuwa na nguvu ya kucheka. Alikaa chini sakafuni, akalia tu.