Mlio wa Projekta Iliyochomolewa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa sinema, mtu asiyeamini hata utabiri wa mvua.

Asubuhi moja alipanda chumba cha projekta kubadilisha betri ya seva, kompyuta inayotunza filamu. Ni ndogo kama kifungo, lakini ikikosekana seva husahau funguo, yaani namba za siri za kufungulia filamu zote, na fundi hufukuzwa. Ofisi ilihitaji vikao vitano kuinunua.

Alipofungua seva, betri ya zamani haikuwamo. Ufunguo wa pili wa chumba hicho alikuwa nao shemeji yake tu, ambaye rafiki yangu mwenyewe alimtafutia kazi hapo. Akampigia simu.

“Shemeji, umegusa seva yangu?”

“Mimi? Haki ya Mungu, niko kitandani, naumwa!”

Nyuma ya sauti hiyo feni ililia: kwi, kwi, kimya, kwi. Projekta moja tu hulia hivyo, ile ya chumba hiki.

“Tunakula sahani moja, kumbe unanichimba!”

Akaigeukia projekta. Waya ulikuwa umechomolewa, feni imetulia.

Huenda yuko ukumbini, akawaza. Akazima taa ili achungulie gizani kupitia kidirisha cha kioo. Viti vilikuwa vitupu.

“Shemeji,” simu ikanong'ona, “mbona umezima taa? Imebaki skrubu moja ya seva.”