Posa Iliyoingia Masikioni mwa Baba

Tulieni! Nyanyueni videvu! Inayofuata ni hadithi tukufu ya mapenzi yaliyotikisa mji mzima. Mji wenyewe haukuwa na habari, maana siku hiyo ulikuwa ndani ya duka la vyombo vya umeme, bei zimeshuka, ukigombea feni.

Katikati ya vuta nikuvute alisimama fundi cherehani, gauni la bluu limemkaa sawasawa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alitafuta hedifoni zisizo na waya. Masikio ya baba yake yalikuwa yamechoka, na televisheni yao ilipiga kelele hadi majirani wakazima za kwao wakasikiliza ya bure.

"Hizo ndogo zitamponyoka mzee akisinzia," ilisema sauti nyuma yake. "Chukua zinazofunika sikio zima, laini, nyepesi. Na uzijaribu. Nyingine sauti huchelewa, mtu kashafunga mdomo ndipo maneno yanafika."

"Wewe ni muuzaji?"

"Mwalimu wa udereva. Kutwa napigiwa honi. Hedifoni ndiyo mapumziko yangu."

Fundi akaziunganisha palepale na simu yake, zikaimba vizuri. Akazinunua, na namba ya mwalimu akaipata bure.

Miezi ikapita kwa simu, mwalimu akimpigia fundi kazini.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Leo wanafunzi wamekugongesha wapi?"

Lakini neno alilolingoja fundi, la ndoa, mwalimu alilizunguka kama mwanafunzi anayeogopa kuingia barabara kuu. Fundi akaanza kujiuliza kama ana mchumba au ana redio.

Jumamosi moja simu ya fundi iliita akiwa nyumbani, jikoni.

"Haloo? Mpenzi?"

Kimya. Sebuleni baba, hedifoni kichwani, aligombana na waigizaji kama kawaida yake: "Muongo huyo! Hafai!"

"Sema basi! Husemi? Haya, nuna!" Akakata.

Mwalimu hakupiga tena. Fundi naye, kwa kiburi, hakupiga. Kazini akashona mfuko wa suruali ya mteja mpaka ukaziba.

Jioni moja baba alivua hedifoni, akaguna.

"Mwanangu, ule mchezo wa Jumamosi hawaurudii? Sauti ilikatika, akaingia kijana anabembeleza: 'Fundi wangu, nimechoka kuegesha moyo nje ya geti lenu. Naomba nije kwa baba yako.' Nikadhani ni yule tapeli wa mchezo, nikamkemea. Mara akapotea, nikamwonea huruma."

Fundi akazitazama zile hedifoni. Kumbe zilikuwa bado zinaikumbuka simu yake tangu siku ile ya dukani! Ilipoita, zikaidaka. Posa ikaingia masikioni mwa baba, na jibu alilopata mwalimu ni sauti ya mkwe ikimwita muongo.

Safari hii akapiga yeye, mbali kabisa na sebule.

"Baba alidhani wewe ni mwigizaji."

"Aliniita muongo!"

"Njoo basi, akuone huna hata sura ya kuigiza."

Akaja, shati jeupe limepigwa pasi, vifungo hadi kooni, jasho tele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Aa! Ndiye! Kijana, rudia ile ya geti."

Akairudia, neno kwa neno.

"Sasa nimesikia bila mashine," alisema baba. "Mimi sina neno. Muulize mwenyewe."

"Fundi?"

"Ungeuliza mapema, gauni la harusi ningekuwa nimeshalimaliza!"

Baba akavaa hedifoni, akaigeukia televisheni. Wawili wakatoka barazani. Mimi msimulizi, mwenye malezi bora, niligeukia ukuta. Sikuona lolote, hata kifungo cha juu cha shati kilivyokatika kikabiringika hadi kwenye ngazi.

Mnanitazama nini? Haya, nimeshikwa. Nilichungulia.