Mkono Juu ya Karata

Ree ya pili ya shupaza ilifunuliwa mezani saa tisa na robo mchana, na mgawaji aliyeifunua ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba kuna jambo. Ree ya kwanza ilikuwa tayari imelala mbele ya mchezaji mmoja, mwanamke fundi cherehani, ambaye alikuwa amesukuma katikati sarafu zake zote za plastiki na kufunua karata zake mbili kama sheria ya poka inavyotaka. Pakiti moja ina ree moja ya shupaza. Hapa zilikuwa mbili, zinatazamana.

Mgawaji hakupiga kelele. Alilaza kiganja cha kushoto juu ya karata zilizobaki, akainua cha kulia watu wote wakione.

"Mchezo umesimama," alisema. "Mtu asiguse kitu."

Kwa wanachama wa klabu ile, kumsikia huyu akisema mchezo umesimama kulishangaza kuliko hizo ree mbili. Walimwita Saa. Mezani kwake hapakuwa na porojo. Mchezaji akizubaa, Saa alimgeukia na kumwambia kwa upole, "Ni wewe, kaka," na akizubaa tena aligonga meza kwa kidole kimoja. Hakusifia karata za mtu, hakumcheka aliyeshindwa, na hakunyoosha mkono kumpokonya mtu karata; alingoja zisukumwe kwake. Wazembe walimnung'unikia, lakini siku akigawa mtu mwingine walimkumbuka kabla ya chai.

Mwenyekiti wa klabu aliwapigia polisi yeye mwenyewe, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Inspekta alifika saa kumi kasoro robo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea na subira ya kupimiwa kwa kijiko. Chini ya klabu, kando ya ngazi, kulikuwa na chumba cha duka chenye mlango wa chuma ulioinuliwa nusu. Ndani palinuka rangi mbichi, na mwanamume mmoja alikuwa akipigilia rafu huku akipiga mluzi.

"Mnafungua lini?" Inspekta aliuliza, kwa mazoea tu ya kuuliza.

"Wiki ijayo, Mungu akipenda. Karibu, mama."

Juu, Saa alikuwa bado ameketi, kiganja juu ya karata. Hakuuondoa mkono hadi Inspekta alipomwambia. Kisha akageuza viganja vyote viwili, akavionyesha vitupu, akavuta kiti nyuma.

Mwenyekiti alieleza mambo kwa mpangilio mzuri. Hii ilikuwa fainali. Wanachama walikubaliana katika mkutano kwamba bingwa apewe chumba cha duka la klabu, akitumie mwaka mzima bila kodi. Wachezaji waliobaki ni watatu: fundi cherehani, daktari wa meno, na dereva mstaafu wa malori aliyeitwa Breki kwa jinsi anavyofikiri polepole. "Na usisahau hili, afande," mwenyekiti aliongeza. "Fundi ni wifi yake mgawaji."

Inspekta alizihesabu karata mbele ya wote, za mezani na za mikononi. Zilikuwa hamsini na mbili kamili. Ree za shupaza mbili; saba ya uru hakuna.

"Hii hapa," mwenyekiti alisema, akaweka saba ya uru mezani. "Imekutwa mfukoni mwa sweta la Saa, kule kwenye korido. Ametoa hii, akaingiza ree amsaidie wifi yake. Sioni kilichobaki."

Fundi alishika mdomo. Saa alilitazama lile sweta mkononi mwa mwenyekiti mithili ya mtu anayeona nguo yake imevaliwa na jirani.

Inspekta aliomba chumba, akapewa ofisi yenye kabati la chuma na viti viwili. Wa kwanza kuingia alikuwa daktari wa meno.

"Ulikuwa na hali gani mezani?"

"Mbaya. Nilikuwa naelekea nyumbani."

"Kwa hiyo mchezo ukifutwa, umepona."

"Afande, usinitazame hivyo. Ni kweli nilikwenda koridoni kupiga simu wakati wa mapumziko ya kabla ya fainali, na sweta nililiona. Lakini mimi nachezea watu meno tu, si mifuko." Hakucheka mwenyewe, na jasho lilikuwa limemtoka puani. "Mimi nasema ni Saa. Nani mwingine anashika karata?"

Fundi aliingia akiwa ameshawaka.

"Kama wifi yangu angetaka kunipa ree, si angenipa moja yatosha? Ya pili anaileta mezani ya nini, ipige picha na mwenzake?"

"Pengine alikosea."

"Huyo? Huyo hata ugali angeupima kwa rula. Na mimi nikijua nina karata ya wizi, niifunue mbele ya watu wote? Afande, nataka hicho chumba, sitaki kukana. Nashonea sebuleni, watoto wanalala na vitambaa. Lakini sijarukwa na akili."

Inspekta alimwamini, kwa sababu alikuwa amekwisha kujiuliza hayo hayo. Akamwita Breki.

Mzee alikaa, akavuta suruali magotini, akafikiri. Inspekta alingoja mpaka akajuta kuacha sigara.

"Saa alipewa wapi zile karata, mzee wangu?"

"Palepale mezani. Mwenyekiti alizitoa kwenye kabati hilo hapo. Ufunguo anao peke yake."

"Baada ya kupewa, Saa aliinuka?"

"Hakuinuka. Hata maji hakunywa. Mimi huwa natazama watu, ndiyo maana wananiona nachelewa."

"Halafu zikatokea ree mbili."

"Zikatokea. Mwenyekiti akatwambia, msikae tu, kagueni kila mahali, tafuteni saba ya uru. Tukatawanyika, sisi watatu na yeye. Nikaikuta mimi kwenye sweta." Alitazama mikono yake. "Nilijuta kuiona, mwanangu. Nilitamani niimeze."

Inspekta alimshukuru, akamwomba amwite Saa.

Saa aliingia na kukaa wima. Macho yalikuwa mekundu.

"Una la kusema?"

"Karata sikuiba. Lakini kosa ninalo. Kabla ya fainali huwa natandaza karata zote, sura juu, kila mchezaji azione ndipo nizichange. Leo sikutandaza."

"Kwa nini?"

"Mwenyekiti aliniambia watu wamechoka, gawa tu. Na yeye ndiye miaka yote huniambia nitandaze, hata tukicheza kwa kujifurahisha."

"Ukakubali."

"Wananiita Saa, afande. Mtu akiniambia nachelewesha mchezo, nasikia aibu. Nikitoka hapa na jina la mwizi, hakuna meza itakayonipokea tena. Mikono hii ndiyo inayonilisha mimi na mama yangu."

Inspekta alitaka kumshika bega, akakumbuka kwamba bado yuko kazini. Aliwakusanya wote kwenye meza ya mchezo.

"Mwenyekiti, nisaidie," alisema. "Ulipowatuma wachezaji kukagua, pakiti ilikuwa na karata ngapi?"

"Hamsini na mbili. Si umezihesabu mwenyewe?"

"Mimi nimefika baadaye. Wakati ule alizihesabu nani?"

Mwenyekiti alimgeukia Saa.

"Hakuna," Saa alisema polepole. "Mkono wangu ulikuwa juu yake tangu mwanzo."

"Hivyo mlichokijua ninyi wote ni kwamba ree imezidi moja. Huenda pakiti ilikuwa na karata hamsini na tatu na haikutolewa hata moja. Huenda imetolewa moja, ikawa nne ya kopa, au karata yoyote ile. Lakini mwenyekiti hakuwaambia tafuteni karata iliyotoka. Mzee, aliwaambiaje?"

Breki, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alijibu papo hapo. "Tafuteni saba ya uru!"

"Ni kweli," daktari alisema, akamgeukia mwenyekiti. "Hata mimi nilikusikia."

"Nilibahatisha," mwenyekiti alisema.

"Ulibahatisha saba, ukabahatisha na uru. Saa hakuinuka tangu ulipomkabidhi karata, kwa hiyo saba haikupelekwa koridoni na yeye. Ilitolewa kabla, kabatini, na mwenye ufunguo. Kisha ukamharakisha asitandaze, maana angetandaza tu mngeona wote, na lawama ingerudi kwenye kabati. Sasa niambie, yule anayepigilia rafu kule chini ni nani?"

Mwenyekiti alikaa. Kwa muda walisikia nyundo ikigonga chini ya sakafu.

"Shemeji yangu," alisema hatimaye. "Nilimpa chumba kabla ya ule mkutano wenu. Alishanunua mbao. Ningemwambia nini? Nilifikiri fainali ikiharibika, jambo litakufa. Yeye Saa ni mfanyakazi tu, angepata kazi kwingine."

"Mfanyakazi tu," fundi alirudia. Alikuwa amesimama, na Breki akamshika mkono.

Saa alilichukua sweta lake, akaligeuza mifuko yote nje, akalivaa.

Askari aliyefuatana na Inspekta alimteremsha mwenyekiti, na nyundo ikanyamaza. Inspekta aliweka mezani ufunguo wa duka aliokabidhiwa na mwenyekiti. Alikuwa na haki ya kuondoka, lakini akabaki amesimama mlangoni.

Saa alifungua pakiti mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi yake.

"Huyu ni wifi yangu," alisema. "Asiyetaka nigawe, aseme sasa, nitainuka bila kinyongo."

Watu walitazama meza. Daktari wa meno alijikuna shingo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amemtaja.

"Nimekukosea, dada," alisema. "Gawa."

Saa akatandaza karata zote, sura juu, kutoka ukingo hadi ukingo wa meza. Fundi alizipitia kwa macho, akaitikia kwa kichwa. Daktari naye akaitikia, akaangalia saa ya ukutani.

"Tuendelee basi, jioni inaingia."

"Utangoja, daktari," Saa alisema. "Mzee hajamaliza kutazama."

Breki alizitazama moja moja, shupaza, kopa, uru na pau, na Saa akamngojea bila kugonga meza.