Tairi la Nne la Gari Jekundu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Sindano ndiye aliyepanga mkoba wa kazi wa mama yake. Aliweka tochi, uzi mrefu, kalamu, fomu ya ukaguzi na kipande cha sumaku kilichofungwa kwa kitambaa kisije kikakwaruza rangi. Mama yake alikuwa fundi wa magari, lakini miaka ya karibuni alijulikana zaidi kwa kazi moja. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, alimwita Mama alikague kwanza na kumwambia thamani yake halisi. Sindano alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya wembamba wake, na majirani waliongeza kwamba hata ulimi wake ulichoma.

Jumamosi hiyo alipanga mkoba kwa kutupatupa vitu. Shule yao ilikuwa na fainali ya netiboli saa nne, na yeye ndiye mfungaji wa timu.

“Mama, kwani leo huwezi kwenda peke yako?”

“Sina mwingine wa kuingia chini ya gari. Na hili la leo ni la spoti, tumbo lake karibu linagusa sakafu. Tukimaliza mapema utawahi mechi yako.”

“Tukimaliza mapema,” Sindano aliiga kwa sauti ya chini, akanuna njia nzima.

Aliyetaka kununua gari alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama, fundi umeme. Kwa miaka minane alikuwa akipanda mapaa ya watu na kupitisha nyaya huku akijinyima hili na lile, kwa sababu ya ndoto moja tu ya gari la spoti. Yeye na Mama hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Hata ukaguzi huu hakuutaka, ni Bibi aliyemlazimisha. Basi alikuwa akiwangoja getini kwenye yadi ya magari, uso ameukunja.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba,” alijibu bila kumtazama, akamgeukia Mama. “Dada, nakuomba kitu kimoja. Usiniletee kisirani chako. Gari nimelipenda.”

“Sikuja kukagua mapenzi yako,” Mama alisema. “Nimekuja kukagua gari.”

Mwenye yadi aliitwa Miwani, kwa kuwa miwani yake ya jua hakuivua hata ndani ya nyumba. Alimpima Mama kwa macho kuanzia kilemba hadi buti, kisha akamuuliza Mjomba, kana kwamba Mama hana masikio, “Huyu ndiye fundi? Na hiki kitoto kimekuja kufanya nini?”

Gari lilikuwa ndani ya banda, mwishoni kabisa, jekundu, lenye milango miwili, linang’aa hadi unaweza kuchana nywele kwa kujitazama ubavuni mwake. Upande wake wa kushoto ulikuwa karibu kugusana na ukuta. Mjomba alipoliona alisahau kununa. Alilizunguka upande uliozungukika akiwa anatabasamu peke yake, na kwa dakika moja Sindano alimwonea huruma.

“Naomba jeki nilinyanyue,” Mama alisema.

“Piga ua, gari hili halinyanyuliwi,” Miwani alijibu. “Jeki itavunja plastiki za pembeni. Utalipa wewe?”

“Basi lisogeze mbali na ukuta.”

“Litasogezwa likishanunuliwa. Mmekuja kununua au mmekuja kucheza?”

“Dada, usianze,” Mjomba alidakia.

Mama alimeza hasira zake, akamvuta Sindano kando. “Hawataki tuone chini, kwa hiyo matairi ndiyo yatakayotuambia chini kukoje. Soma tarehe ya kila tairi, halafu pitisha kiganja juu yake, kuanzia nje mpaka ndani. Yote manne. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

Kazi hiyo aliijua. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza zinaonyesha wiki ambayo tairi lilitengenezwa, mbili za mwisho zinaonyesha mwaka. Tatizo ni kwamba mara nyingine tarakimu hizo hugeuzwa upande wa ndani, na hapo huna budi kulala chini na tochi. Matairi matatu ya kwanza hayakumsumbua, hata la mbele kushoto, ambalo alilifikia kwa kupitia mbele ya gari. Yote yalikuwa ya wiki moja, ya miaka sita iliyopita, na yalikuwa yamelika sawasawa.

La nne lilikuwa la nyuma kushoto, upande wa ukuta. Sindano alijipenyeza kidogo, akamulika. Ubavu wa nje haukuwa na tarakimu. Sakafuni kulikuwa na dimbwi la oili iliyochanganyika na vumbi, na utando wa buibui ulining’inia ukutani.

“Wewe!” Miwani alimfokea kutoka nyuma. “Ukikwaruza hiyo rangi, mama yako atalala hapa leo!”

“Sikwaruzi.”

“Na usinijibu! Toka huko, panya we!”

Sindano alitoka kwa hasira. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Mwanamume huyu hampendi, Mjomba hataki kumwona, na wenzake sasa hivi wanavaa jezi. Matatu yalikuwa sawa, alijiambia, la nne litakosaje kuwa sawa? Akaandika tarakimu zilezile, na kwenye nafasi ya kiganja akaandika “sawa”. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuandika jina lake.

Mama alipomaliza kusikiliza injini, kuangalia oili na kupapasa mabati kwa sumaku, wote waliketi mezani. Miwani alikuwa ameshaweka mkataba tayari. Mama alisoma ripoti yake taratibu.

“Injini ni nzima. Breki nzuri. Rangi ya upande niliofikia ni ya kiwandani, upande wa ukutani sikuufikia na nimeandika hivyo. Lakini matairi yote manne yana miaka sita. Bei ishuke kwa thamani ya matairi manne mapya.”

Miwani alipiga meza hadi kalamu ikaruka. “Mwongo! Mwanamke mwongo mkubwa! Tairi la nyuma kushoto nimelinunua mwenyewe, halijamaliza hata miezi mitano! Risiti hii hapa!” Akamtupia Mjomba karatasi. “Umeniletea fundi au umeniletea mtunga hadithi? Kama tairi jipya analiita zee, hiyo injini ameionea wapi?”

Mjomba aliisoma risiti, uso ukamwiva. “Nilijua tu. Tangu tukiwa wadogo, nikipata kitu kizuri lazima ukitafutie kasoro. Leo umekosa kasoro, ukaitunga.” Akauvuta mkataba. “Kalamu iko wapi?”

Mama alimgeukia Sindano.

“Tairi la nne ulilisoma?”

Sindano aliitazama fomu. Angeweza kusema tarakimu zilikuwa zimefutika, au tochi ilizimika. Lakini alimwona Mama amekaa pale na tusi la “mwongo” juu ya kichwa chake, na yeye Mama hakuwa amesema uongo wowote.

“Sikulisoma,” alisema. “Nilinakili.”

“Na kiganja?”

“Sikupitisha.”

Miwani alicheka kicheko kirefu cha dharau. Mama alifumba macho kidogo, kisha akaichukua fomu na kuichana vipande viwili. “Mdogo wangu, ripoti hii haina kazi tena,” alisema. “Sina la kukuambia kuhusu gari hili.” Hakupaza sauti, na hilo lilimwumiza Sindano kuliko kelele zote za Miwani.

Mjomba alikuwa ameshashika kalamu. Sindano akakwapua tochi mkobani, akakimbilia kwenye gari bila kumwomba mtu ruhusa.

“Rudi hapa!” Miwani alipiga kelele.

Sindano alilala kifudifudi kwenye oili, akajisukuma katikati ya ukuta na gari mpaka kichwa kikafika nyuma ya gurudumu. Tarakimu zilikuwepo. Tairi lilikuwa la mwaka huu, Miwani hakudanganya. Akaweka kiganja. Upande wa nje meno ya tairi yalikuwa marefu na makali. Akaendelea kusogeza mkono kuelekea ndani. Meno yakapungua, yakaisha, tairi likawa laini kama sahani, kisha kitu kikamchoma kidole hadi damu ikatoka.

“Mama! Ni jipya kweli, lakini kwa ndani limekwisha! Waya zimetoka nje!”

Mama alisimama.

“Umesema halijamaliza miezi mitano,” alimwambia Miwani. “Tairi la miezi mitano haliliki upande mmoja hadi kwenye waya, isipokuwa gurudumu lenyewe limekaa mshazari.”

“Ni barabara mbovu! Na mtoto anatia chumvi!”

“Basi lisogeze, tuone wote.”

“Silisogezi!” Miwani alimwinamia Mjomba. “Bwana mkubwa, utamsikiliza mtoto ambaye sasa hivi amekiri kwa mdomo wake kwamba amedanganya?”

Mjomba alimtazama Sindano aliyekuwa akitoka kwa kutambaa, amepakaa oili kifuani, kidole kinavuja damu. “Simwamini hata kidogo,” alisema. “Ndiyo maana nataka kuona kwa macho yangu. Lisogeze, la sivyo sitii sahihi.”

Miwani alilisogeza shingo upande, huku akitukana. Mjomba akapiga magoti mwenyewe, akamulika, akaona waya. Mama alifunga uzi katikati ya gurudumu la mbele la kulia, akauvuta hadi katikati ya gurudumu la nyuma, akapiga fundo. Alipoupeleka upande wa kushoto, uzi ulizidi kwa upana wa vidole vitatu, yaani upande huo gari lilikuwa fupi. Kisha akabandika sumaku kwenye bati la nyuma kushoto. Ilianguka.

“Hapo hamna bati, ni puti ya kuzibia mashimo, iliyopakwa rangi,” Mama alisema. “Gari lilipata ajali mbaya, likanyooshwa, na halikunyooka. Ukilikimbiza, tairi hilo likapasuka, hutaweza kulishika. Thamani yake ni ya injini na vipuri tu.”

“Tokeni kwangu!” Miwani alipiga kelele. “Nendeni mkanunue baiskeli!” Nao wakatoka, geti likabamizwa nyuma yao.

Barabarani Mjomba aligeuka kulitazama geti. “Ilibaki sahihi moja tu,” alisema. “Wewe mtoto, uvivu wako nusura uniue.”

“Naomba unisamehe, Mjomba.”

“Sijakusamehe bado.”

“Mkaripie, anastahili,” Mama alisema. “Lakini na wewe ulitaka kufa kwa ajili ya rangi nyekundu.”

Mjomba alijipangusa vumbi magotini, kisha akauliza, bila kumtazama dada yake, “Nikipata jingine, utanikagulia?”

“Nitalikagua. Mradi linyanyuliwe.”

Walipofika nyumbani mechi ilikuwa imekwisha zamani. Mama alimwosha Sindano kidole kwa maji na sabuni, akakifunga kitambaa safi.

“Sikasirikii kukosea,” alisema. “Mafundi wote hukosea, na mimi nimo. Wewe uliandika kitu ambacho hukukiona. Mtu anayeniita hawezi kuona anachonunua, kwa hiyo ananunua neno langu. Leo ndani ya neno langu uliweka uongo mmoja mdogo, na uongo huo ulitosha kumfanya Miwani atupe kila kitu cha kweli nilichokisema. Kazi ya kweli hufanywa hadi mwisho, hata pale unapofukuzwa, hata pale usipoonekana.”

“Lakini nilikiri, Mama. Na nikaingia.”

“Ulikiri mbele ya watu wabaya, na si kazi rahisi. Mjomba wako ni mzima kwa sababu hiyo. Nimeliona hilo na sitalisahau.”

Sindano alipata nguvu kidogo. “Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitasoma matairi?”

“Utasoma. Na kila utakalosoma, mimi nitalala chini baada yako niangalie.”

“Mpaka lini?”

“Sijui, mwanangu,” Mama alisema. “Kukuamini kulikuwa hakunigharimu chochote. Sasa imani hiyo itabidi uifanyie kazi.”

Sindano alitamani angechapwa tu yakaisha.