Koleo Lililobanwa

Maiti ya mwanamke ilikuwa juu ya meza ya mochwari, tumbo limevimba, mshono umejaa usaha. Siku nne tu baada ya kutolewa kidoletumbo! Inspekta alikuwa amezoea maiti, lakini hii ilimkata maini.

"Vifaa vichafu," alisema kaka wa marehemu, muuguzi wa chumba kilekile cha upasuaji. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia. "Mama Mvuke ameniulia dada. Mkamateni!"

Mama Mvuke ndilo jina la utani la msafishaji wa vifaa, aliyekaa na mashine ya mvuke miaka ishirini na miwili. Inspekta alimkuta akisugua meno ya koleo la kubania mishipa kwa brashi ndogo, taratibu, kama anayempigisha mtoto mswaki.

Akamwonyesha utepe uliofungia vifaa vya upasuaji ule. Mistari yake ilikuwa imegeuka myeusi, ishara kwamba umepita kwenye mvuke.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu, mwanangu."

"Basi uko chini ya ulinzi," alisema Inspekta, akitoa pingu.

Mama aliweka brashi chini. "Nitakwenda. Lakini kwanza nionyeshe hivyo vifaa. Siwezi kwenda kuozea jela kwa kitu nisichokiona."

Sanduku la ushahidi likafunguliwa. Humo mlikuwa na koleo moja ambalo daktari hakulitumia, bado limo kwenye mkunjo wa kitambaa. Mama akaruka kana kwamba ameunguzwa.

"Limebanwa! Hii si kazi yangu. Mimi huyaacha midomo wazi, mvuke uingie mpaka kwenye bawaba. Ukilibana, damu inabaki humo."

Inspekta aliinama na kioo cha kukuzia. Kweli, kwenye bawaba palikuwa na weusi mkavu. Akageuza utepe. Kwenye gundi zilinasa nyuzi za kijani, na kitambaa kilichofunga vifaa kilikuwa cha buluu. Utepe ule ulibanduliwa kwenye kifurushi kingine. Akazirudisha pingu mfukoni, akaona aibu kidogo.

Kesho yake asubuhi maabara ilithibitisha: damu ya kwenye bawaba haikuwa ya marehemu. Inspekta akamwita kaka mtu.

"Nisaidie, bwana muuguzi. Nipangie seti nzima niipige picha."

Kijana alivipanga vifaa chapuchapu. Kila koleo aliloshika, alilibana. Klik. Klik. Klik.

"Mbona unayabana?"

"Mezani kwetu ndivyo, Afande, yasinase nguo. Mkono umeshazoea."

Inspekta akaweka mbele yake koleo la kwenye sanduku, na utepe kando yake. Kijana alivitazama.

"Nilitaka kumwokoa," alisema mwishowe.

"Sema yote."

"Seti safi ilikuwa bado ndani ya mashine. Dada alikuwa anagaagaa kwa maumivu. Daktari alikuwa ameitwa hospitali nyingine, akasema vifaa visipokuwa tayari anaondoka mpaka kesho. Nikaogopa kidoletumbo kitapasuka. Nikachukua seti iliyotumika asubuhi, nikaiosha kwa sabuni, nikabandika utepe wa zamani."

"Mashine ilibakiza muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Na hukumwomba daktari asubiri dakika ishirini?"

"Ni mkali, Afande. Nilimwogopa." Akaanza kulia kwa sauti.

"Na yule mama alikukosea nini, hata umsingizie?"

"Hakunikosea. Mama yetu aliniuliza ni nani aliyemuua mwanawe. Jina la kwanza lililonijia mdomoni nikalitaja."

Inspekta alimfunga pingu, akafungua mlango. Kwenye benchi la ukumbini mama mzazi alikuwa ameketi tangu alfajiri. Alipomwona mwanawe, aliinuka kwa shida.

"Mwanangu, wamempata?"

Kijana alimnyooshea mikono yote miwili.

"Wamempata, mama."