Sehemu Iliyonyang'anywa Herufi

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, daktari wa kliniki ya kiwanda cha saruji aliwasha kompyuta, akapiga ukelele. Picha za mapafu ya wafanyakazi, za miaka tisa, hazikuonekana. Na wakaguzi wa afya walitarajiwa Jumatano.

Saa nne akafika mpelelezi, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye wenzake walimbandika jina Sindano.

"Wamebadilisha diski, afande," daktari alisema. "Ilikuwa terabaiti moja, gigabaiti elfu nzima. Sasa naona gigabaiti mia nne tu! Na ufunguo mwingine wa mlango anao mfagizi. Tangu mumewe, mfanyakazi wa hapa, afe, ana kinyongo nasi."

"Nywila ya msimamizi wa kompyuta anayo nani?"

"Mimi peke yangu. Hata mke wangu haijui."

Mfagizi alikuwa amekalishwa kwenye benchi la wagonjwa, mlinzi kamsimamia.

"Mama, mara ya mwisho uliingia humu lini?"

"Ijumaa jioni. Nikadeki, nikafunga. Hata kompyuta siwezi kuiwasha. Mnyonge mnyongeni, afande, lakini haki yake mpeni."

Sindano akaigeuza kompyuta. Skrubu zilikuwa zimezibwa na vumbi gumu la saruji. Bisibisi ilikuwa haijazigusa kwa miezi. Akazifungua. Lebo ya diski: terabaiti moja. Akarudishia, akawasha, akafungua ukurasa wa kusimamia diski. Jumla: gigabaiti 931.

"Si umeona? Imepungua!" daktari akadakia.

"Haijapungua. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, kompyuta kwa elfu moja na ishirini na nne. Diski ni ile ile." Akashusha kidole. "Imegawanywa mara mbili. Sehemu C, mia nne. Hii ya pili, 531, imenyang'anywa herufi yake, kama hiyo C, ndiyo maana huioni. Hakuna kilichoibwa, daktari. Kimefichwa. Na kuificha kunataka nywila ya msimamizi. Kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha akaunti yako iliingia jana, saa nane mchana."

Daktari akaketi.

"Wakubwa waliniambia kila ugonjwa wa mapafu niuite kikohozi cha vumbi tu, la sivyo nikatafute kazi kwingine. Jana nilikuja kuzifuta picha, wakaguzi wasizione. Mkono ukagoma."

"Ukagoma kufuta. Kumsingizia mjane haukugoma."

Sindano akairudishia sehemu ile herufi. Majalada yakajipanga, kila moja na jina na tarehe yake. Mfagizi, aliyekuwa amesogea mlangoni, akaingia bila kuitwa.

"Ya mume wangu imo?"

Ilikuwemo. Mapafu mawili yenye mabaka meupe.

"Hii ni ya lini?"

"Miaka miwili kabla hajafa," Sindano akasoma.

Mama akamgeukia daktari. "Uliiona siku hiyo hiyo?"

"Niliiona."

"Nyumbani alisema anataka kuacha kazi, kifua kinambana," mama akasema, macho yakiwa kwenye picha. "Mimi ndiye niliyemkatalia. Nikamwita mvivu. Nikamwambia jikaze, mwanamume wewe, daktari kasema ni kikohozi tu, u mzima."