Mutu wa Asubuhi na Shimo la Mazuku

Zamani nyumba ya Kahambu ilikuwa nyumba ya makelele. Asubuhi Kahambu alikuwa anawasha mbabula, jiko lake la makala, inje, juu ya mawe meusi ya volkano. Mutoto wake Charline alikuwa anapiga bidon kama ngoma akienda kuchota maji. Na bwana yake Julien alikuwa anapangusa pikipiki yake ya taxi, huku anaimba nyimbo za kanisa na kuchanganya maneno.

"Papa Charline, ile ni wimbo ya Pasaka, na tuko mwezi wa Noeli!" Kahambu alimuchokoza.

"Bon, Yezu alishafufuka. Niimbe nini tena?"

Nyumba yao iko upande wa ziwa Lac Vert, pale Goma inapoisha na mawe yanaanza.

Kisha kikohozi kikamushika Julien. Kwenye centre de santé, kituo cha afya, walimupima, wakamwambia: ni kifua kikuu. Wakamupa dawa. Wakamukataza kuikatisha hata siku moja. Julien akaacha kazi, akalala.

Lakini kabla ya kulala, polisi wa barabarani walikuwa wamemuandikia amende, ile feza mutu analipa kwa kosa la barabarani. Pikipiki haikuwa na assurance, ile bima. Siku ingine alipita njia iliyokatazwa. Julien hakulipa. Tribinali, ndiyo mahakama, ikamuita, hakuenda. Alikuwa anatema damu, angeenda namna gani? Na hakuna mutu aliyeenda kusema kwamba anagonjwa.

Siku moja mutu akaingiza karatasi chini ya mulango. Kahambu alisoma shule ya primaire tu. Katika Kifaransa kile kirefu alitambua neno moja: huissier. Ni mutu anayetumwa na tribinali kukamata vitu vya mwenye deni.

Sokoni alikuwa amesikia mengi. Ati huissier akikuta mulango wazi, anavuta hata godoro chini ya mugonjwa. Kahambu hakuuliza mutu anayejua. Alificha karatasi katika gunia la nguo, akarudi kwa bwana yake.

"Tujifanye hatuko," akamwambia. "Bakiona nyumba imekufa, batachoka."

Nyumba ikafa kweli. Radio ikanyamaza. Mbabula ikalala. Walikula bugali baridi, kimya, kama watu wa matanga. Julien alikohoa akiuma muto. Kwenda kuchukua dawa, hapana. Huko njiani wangemuona. Charline alifundishwa kutembea kwa vidole vya miguu.

Pikipiki ndiyo ilibaki. Nyuma ya nyumba kuna shimo kubwa katika mawe, lenye njia ndogo ya kushukia. Watu wa pale hawalikaribie, juu ya kuogopa mazuku. Mazuku ni hewa mubaya inayotoka chini ya udongo na kuua. Haina rangi, hauwezi kuiona. Ni nzito, inakaa chini, katika mashimo, kama maji katika beseni. Kahambu aliwaza: mahali kila mutu anaogopa, nani atatafuta? Saa sita, jua likiwaka na upepo ukipiga, yeye na Julien wakasukuma pikipiki mupaka chini, wakaifunika na shitingi ya plastiki. Wakapanda juu bila shida.

"Unaona?" Kahambu akasema. "Watu wanapenda tu kuogopesha wengine."

Kesho yake, asubuhi mapema, ukungu ulikuwa umekaa juu ya mawe. Mutu akagonga mulango. Taratibu. Kisha sauti ya chini, kama inatoka ndani ya blanketi:

"Papa Julien iko?"

Charline akaweka jicho kwenye tundu la musumari. Akarudi nyuma, macho yamemutoka.

"Mama," akanongona, "ule mutu hana mudomo."

Kahambu akamufunika mutoto kwa kitambaa chake. Inje, mutu alisimama kidogo. Halafu nyayo zikaenda juu ya mawe: kwa, kwa, kwa.

Akarudi asubuhi iliyofuata. Na ingine. Kila mara ukungu, kila mara sauti ile ile: "Papa Julien iko?" Hakutaja jina lake. Hakukasirika. Alisimama tu. Ile ndiyo ilimuogopesha Kahambu zaidi. Mutu anayetukana unamujua. Mutu anayengoja, haumujue.

Halafu Kahambu akaona kitu nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani alilala kwenye njia ya shimo. Manyoya yalikuwa mazuri, hakuna damu, hakuna jeraha. Macho wazi. Na ndege hawakulia upande ule. Kahambu akajisemea: ule mutu bila mudomo ameacha dawa yake ya uchawi hapa. Anatumaliza mumoja mumoja.

"Tutoe pikipiki," akamwambia Julien. "Tuipeleke kwa dada yangu, kule Mabanga, kabla ule mutu hajarudi."

"Miguu yangu haina nguvu, Mama Charline."

"Nitakufunga kamba kiunoni. Weye utawasha, miye nitavuta."

Kulipoanza kupambazuka walitoka. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Julien akashuka katika ukungu, kamba kiunoni. Kahambu alibaki juu, kamba mikononi. Alimusikia akiondoa shitingi. Akamusikia akipiga pikipiki kwa muguu iwake. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Akapiga tena. Ikazima.

"Inakataa," sauti ya Julien ikasema. "Kama vile haipate hewa. Ngoja niiname niangalie…"

Halafu kimya.

"Julien?"

Kamba ikawa nzito.

"Julien! Usinifanyie mchezo!"

Kahambu akatupa kiatu kimoja ili ashuke. Mara mikono miwili ikatokea nyuma yake, ikashika kamba. Akageuka. Alikuwa ule mutu. Macho tu, na chini ya macho kitu cheupe bila mudomo.

"Usishuke!" ule mutu akasema kwa nguvu. "Ukishuka mutakufa bote mbili! Vuta!"

Kahambu akavuta. Alivuta na mutu aliyekuwa anamukimbia, bega kwa bega, kisigino kwenye jiwe. Julien alikuwa amebaki mifupa tu, lakini siku ile alikuwa mzito kama gunia la makala ya kupikia. Kichwa chake kikatokea. Mabega. Wakamuburuta mupaka mahali pa juu, penye hewa. Akalala sawa na ule kuku, macho nusu wazi. Kahambu akamupiga kifua akimuita jina. Mwisho Julien akavuta hewa na sauti ya mulango mubovu, akakohoa. Kahambu alikuwa hajawahi kufurahia kikohozi kile mupaka siku ile.

Ule mutu akarudi nyuma kidogo, akashusha kile kitu cheupe. Ilikuwa mask ya hospitali. Chini yake kulikuwa na mudomo wa mama mutu muzima, na mwanya kati ya meno.

"Miye ni Mukagasana," akasema akihema. "Relais wa centre de santé, nafuata wagonjwa mupaka nyumbani. Kila asubuhi nakuya juu ya dawa ya bwana yako. Aliikatisha. Leo nilisikia unamuita."

"Hauko huissier?"

"Huissier? Miye? Na hivi viatu?"

"Juu ya nini haukusema jina?"

"Kwani nitangaze ugonjwa ya mutu kwenye mulango, majirani basikie? Nilifikiri utafungua, niseme ndani. Na mask ni juu ya kikohozi, Mama. Haiko ya kuogopesha batoto."

Kahambu akaketi juu ya mawe, akalia. Kisha akasema yote: amende, karatasi, nyumba iliyokufa.

Julien alipofikishwa centre de santé na kurudishiwa dawa, Mama Mukagasana alisoma karatasi mupaka mwisho.

"Ulisoma neno moja, ukaacha mengine," akasema. "Hapa banakupatia muda ya kulipa ao kwenda kujieleza. Kaka yangu alipitia mambo hii, njo maana najua. Sikiliza. Huissier wa kweli anakuyaka muchana. Anaonyesha carte yake ya kazi na karatasi ya tribinali. Akikosa ile, hauko na lazima ya kumufungulia."

"Na akiwa nayo?"

"Unasema naye. Unamwambia: hapa kuna mugonjwa. Unaonyesha attestation, karatasi ya munganga inayosema anagonjwa. Kitanda ya mugonjwa sheria inamuachia. Halafu unaenda kuomba tribinali muda wa kulipa kidogo kidogo. Na feza haipite mukononi mwa mutu. Inalipwa kwenye caisse ya tribinali, banakupa reçu, karatasi ya kuonyesha umelipa."

"Nitasema na huissier, miye? Na Kifaransa gani?"

"Na Kiswahili yako. Naye anakulaka bugali."

Huissier alikuja muchana, jua juu ya mabati. Alikuwa Maître Gauthier, mwanaume mufupi mwenye jasho na sakoshi ya karatasi. Kahambu alifungua mulango nusu.

"Maître, kwanza carte yako. Na karatasi ya tribinali."

Akamuonyesha. Kahambu akasoma pole pole, kidole juu ya kila neno. Maître akapangusa jasho, akangoja.

"Ndani kuna mugonjwa wa kifua," Kahambu akasema. "Attestation ni hii. Deni hatulikatae. Tunaomba muda."

Maître Gauthier akasoma. Akamuangalia Julien kwenye kitanda.

"Mama, kama ungeenda mapema kwenye tribinali na hii karatasi, hata miye singechoma miguu kwenye haya mawe," akasema. "Nitaandika kwamba kuna mugonjwa. Lakini wiki hii hii uende kwenye tribinali. Usingoje nirudi, maana nitarudi."

Kahambu alienda, Mama Mukagasana kando yake. Alipewa muda. Kila mwezi alilipa kwenye caisse kutoka kwa makala aliyouza sokoni, na reçu akaziweka pamoja na dawa. Pikipiki ilitolewa muchana wa upepo, na wanaume majirani wa kartie waliosimama juu na kuivuta kwa ndoano ndefu. Leo iko na assurance. Julien alimaliza dawa yake yote, na anaimba tena wimbo wa Pasaka.

Lakini lile shimo liko pale pale. Muchana upepo unafukuza mazuku, asubuhi bila upepo inajaa tena. Walilizungushia mawe na kitambaa chekundu, na hata hivyo asubuhi zingine kuku analala mule, mzuri, macho wazi. Mama unayesoma hii, uwaonyeshe batoto mashimo ya kwenu, wasiyakaribie.

Juzi asubuhi ukungu ulirudi. Mutu akagonga, taratibu. Charline akasimama kwa vidole vya miguu, kama zamani, akamuangalia mama yake.

"Mama, tujifanye hatuko?"

Kahambu akaweka mukono juu ya kichwa chake. Aliogopa, kweli.

"Hapana," akasema. "Tuko. Uliza ni nani."

Charline akashusha visigino chini, akavuta hewa, na akapiga kelele mupaka majirani wakaamuka:

"Ni nani?"